Kwa Nini Gesi ya Songo Songo Haiingii Kwenye Mtungi wa Jikoni

Kila bei ya gesi ya kupikia inapopanda, swali huwa ni lile lile: iweje Tanzania, iliyogundua gesi katika kisiwa cha Songo Songo mwaka 1974, na inayoisafirisha kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004, iendelee kununua gesi ya mitungi kutoka nje? Majibu ya vijiweni ni ya hujuma, na yale ya majukwaani ni ya ahadi. Kwa maoni yangu, jibu la kwanza limo katika somo ambalo karibu kila aliyepita shule alifundishwa, lile la maada kubadilika kutoka yabisi kuwa kimiminika na kutoka kimiminika kuwa gesi, na inasikitisha kwamba wahusika hawalitumii kutufafanulia.

Ukiuinua mtungi wa kilo 6 na kuutikisa kidogo, utasikia kitu kikicheza ndani. Hicho ni kimiminika, mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka ikiwa nyuzi 42 chini ya sifuri na butani huchemka karibu na sifuri, kwa hiyo katika joto la Dar es Salaam zote mbili zingegeuka mvuke papo hapo, kama mvuke wenyewe usingekuwa umefungiwa ndani ya chuma na kukigandamiza kimiminika kilichobaki. Unapofungua valvu, mvuke wa juu hutoka, mgandamizo hupungua, na kimiminika huchemka ili kufidia kilichotoka. Kuchemka huko hula joto, na joto lenyewe hutoka kwenye kimiminika, kwenye chuma na kwenye hewa iliyouzunguka mtungi. Ndiyo maana mama lishe anayekaanga chipsi mfululizo kwa jiko kubwa lililofungwa kwenye mtungi mdogo huuona mtungi ukitoka jasho, kwa kuwa unyevu wa hewani hugeuka maji ukigusa chuma kilichopoa, na moto hufifia ilhali gesi bado ipo. Wapo wanaouweka mtungi kwenye beseni la maji ya moto ili kuuamsha, jambo ambalo nisingemshauri mtu yeyote, kwa sababu mgandamizo hupanda upesi joto linapozidi. Dawa ni kutumia mtungi mkubwa zaidi. Na kwa kuwa mgandamizo huo hufuata joto zaidi kuliko kiasi kilichobaki, mshale wa geji inayofungwa kwenye regulata hausogei sana mpaka kimiminika kinapokaribia kwisha. Mizani ndiyo inayosema kweli.

Gesi ya Songo Songo ni kitu kingine, kwani kwa sehemu kubwa kabisa ni methani. Kila gesi ina kikomo chake cha joto, na ukishakivuka kikomo hicho hakuna mgandamizo, hata uwe mkubwa namna gani, utakaoifanya kuwa kimiminika. Kikomo cha propani ni nyuzi 96 hivi, na ndiyo sababu hukubali kukaa mtungini ikiwa kimiminika hata katika jua la Dodoma. Kikomo cha methani ni nyuzi 82 chini ya sifuri. Ukiijaza methani kwenye mtungi wa jikoni itabaki kuwa gesi, na utapika chai mara chache tu kabla haijaisha. Magari huibeba kwa kuigandamiza mara 200 hivi ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, katika mitungi minene ambayo si ya kuwekwa uvunguni mwa meza. Kuifanya kimiminika kunahitaji kuipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ambapo ujazo wake hupungua mara 600 hivi. Hiyo ndiyo kazi ya mtambo unaozungumziwa miaka nenda rudi kule Lindi, na shehena yake ni ya meli zenye matangi maalumu, si ya bodaboda anayepeleka mtungi Mbagala.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni lengo zuri, lakini mitungi inagawiwa bila maelezo haya, na wananchi wanabaki wakidai kisichowezekana huku wakiacha kudai kinachowezekana. Methani hufika jikoni kwa bomba, na baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara zimeshaunganishwa, kwa hiyo mkazi wa Sinza au Temeke ana haki ya kumuuliza mbunge wake mitaro ya bomba itafika lini mtaani kwake na itagharimu kiasi gani. Mkazi wa Kigoma, ambako si rahisi bomba hilo kufika karibuni, ataendelea kutegemea propani na butani zinazoshushwa bandarini, na swali lake linapaswa kuwa juu ya ukubwa wa matangi ya kupokelea shehena na gharama ya kuisafirisha hadi kwake.