Bilauri ya zuzi 400

Harusi ya Kiyahudi: bwana harusi ananyanyua mguu wa kulia, anakanyaga glasi, paa! Ukumbi mzima unalipuka: Mazal tov! Yaani hongera! Vigelegele, muziki, watu wanakumbatiana. Mgeni ataona kwamba hapo ndipo sherehe imefunguliwa. Kumbe ndipo ilipotakiwa kunyamaza kidogo.

Talmudi, kitabu cha kale cha sheria na visa vya Kiyahudi, ina kisa cha rabi Mar bin Ravina, aliyekuwa akimwoza mwanawe. Alipoona marabi wamechangamka kupita kiasi, akaleta bilauri yenye thamani ya zuzi 400, sarafu za fedha za zamani hizo, akaivunja mbele yao. Wakanywea kwa huzuni. Basi. Kisa chenyewe hakitaji hata Yerusalemu. Maelezo ya kuomboleza Hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa na Warumi mwaka 70, yaliambatanishwa na desturi hii baadaye. Ndiyo maana maharusi wengi leo husoma kwanza Zaburi ya 137: “Ee Yerusalemu, nikikusahau wewe, mkono wangu wa kuume na usahau.”

Mimi kinachonikaa kichwani ni ile bei. Katika ketuba, yaani hati ya ndoa, kiwango cha kale anachoandikiwa bibi harusi ambaye hajawahi kuolewa ni zuzi 200. Na Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, inasema mwenye zuzi 200 haruhusiwi kuokota masazo ya shambani wanayoachiwa maskini, kwa kuwa huyo si maskini tena. Kwa hiyo Mar alivunja ketuba mbili kwa mkupuo mmoja. Nani asingenywea?

Siku hizi wapo wanaofunga balbu ndani ya kitambaa, kwa sababu balbu hupasuka kwa kishindo na haimwaibishi bwana harusi mwenye kiatu chepesi. Hapo ndipo naona mambo yameharibika. Hayati Rabi Ovadia Yosef, aliyewahi kuwa Rabi Mkuu wa Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania na nchi za Mashariki, nchini Israeli, aliwakemea wanaocheka na kushangilia kioo kinapovunjika. Lakini utamlaumuje mtu kwa kuicheka balbu? Na yale maelezo kwamba ndoa ni dhaifu kama kioo ni mapambo tu, ya kumfariji anayeona aibu kuhuzunika hadharani.

Si dini yangu, najua. Ila ningeulizwa, ningesema glasi itoke kwenye kabati la mama yake bwana harusi, ile seti ya sita inayotolewa wageni wakija tu. Zibaki tano.