Nani aamue sumu ipi iondoke dukani?

Mtaalamu wa sumu katika mamlaka ya kusajili viuatilifu haonekani sana maabara. Muda wake mwingi unakwenda kwenye kusoma. Kampuni inayotaka kuuza dawa yake nchini huleta majalada mazito: majaribio ya panya, ya samaki, ya nyuki, vipimo vya mabaki kwenye nyanya na kabichi. Yeye hutafuta kiwango cha juu kabisa ambacho mnyama alilishwa bila kudhurika, hukigawanya kwa 100 (kumi kwa kuwa mtu si panya, mara kumi nyingine kwa kuwa watu wenyewe hawalingani), na kinachopatikana ndicho kiasi ambacho mtu anahesabiwa kuwa anaweza kukila kila siku bila madhara. Marekani, tangu sheria yao ya 1996, hugawanya kwa kumi nyingine kwa ajili ya watoto, isipokuwa pawe na ushahidi wa kutosha wa kupunguza tahadhari hiyo. Mezani hesabu inatulia. Ugomvi huanza pale mtaalamu huyo anapotakiwa kusema dawa iendelee kuuzwa au iondolewe.

Kwetu Afrika Mashariki ugomvi huu umepamba moto kwa miaka kadhaa. Upande mmoja unauliza: kiuatilifu kilichokataliwa Ulaya kinauzwaje Kitale au Karatu? Upande wa pili unajibu kuwa Ulaya haina viwavijeshi vamizi walioingia Afrika mwaka 2016 na kumaliza mahindi yetu, na kwamba mkulima akinyimwa dawa dukani ataipata ya magendo mpakani, pengine feki. Hoja zote mbili zina uzito, ila kila moja inaruka swali lililo muhimu kuliko yote: uamuzi unajengwa juu ya ushahidi wa aina gani? Kwa hilo, nchi ya kujifunza kwayo ni Sri Lanka, kwa sababu imepiga marufuku za kila namna, njema na mbaya, ndani ya kizazi kimoja.

Mwaka 1995 Sri Lanka ilikuwa miongoni mwa nchi zenye vifo vingi zaidi vya kujiua duniani, karibu watu 57 katika kila 100,000. Wengi walikunywa viuatilifu vilivyokuwa ndani ya nyumba, mara nyingi kwa hasira au uchungu wa dakika chache. Ofisi ya Msajili wa Viuatilifu ilianza na zile ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka daraja la kwanza, yaani kali kabisa. Watu wakahamia endosulfani, dawa nyingine ya wadudu. Mwaka 1998 nayo ikaondolewa. Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa sumu ikawa ngumu, kwa maana dawa zilizobaki zikiua wengi zilikuwa daraja la pili, na kwa kipimo cha panya hazikutofautiana sana.

Madaktari wa hospitali za wilaya wakaleta kitu ambacho jalada la kampuni haliwezi kuwa nacho: kumbukumbu za wagonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia wagonjwa 802 waliokunywa dawa tatu za wadudu za jamii moja, zote za daraja la pili. Waliokunywa klorpirifosi walikufa asilimia 8. Wa fenthioni asilimia 16. Wa dimethoeti asilimia 23. Panya hawakuionyesha tofauti hiyo, wodi iliionyesha. Kati ya 2008 na 2011 fenthioni, dimethoeti na parakwati, ambayo wakulima wengi wa huku wanaijua kwa jina la Gramoxone, zikaondolewa hatua kwa hatua. Kufikia 2015 vifo vya kujiua vilikuwa vimeshuka hadi karibu 17 katika kila 100,000. Waliochunguza mavuno ya kipindi cha marufuku za awali hawakuona kushuka kunakoweza kubebeshwa marufuku hizo.

Nchi hiyohiyo, mwaka 2015, ikapiga marufuku glifoseti, dawa ya kuua magugu. Sababu iliyotolewa ni ugonjwa wa figo uliokuwa ukiwamaliza wakulima wa mpunga wa mikoa mikavu. Ugonjwa ulikuwepo kweli na ulitisha, lakini ushahidi wa kuufunga na glifoseti ulikuwa dhaifu, na uamuzi ulitoka kwa wanasiasa kabla ya wataalamu kumaliza kazi. Mashamba ya chai yakageukia dawa nyingine za magugu, Japani ikalalamikia mabaki ya mojawapo kwenye chai, na mwaka 2018 marufuku ikalegezwa kwa chai na mpira. Kisha ikaja 2021: serikali ikazuia kuingiza mbolea zote za viwandani na viuatilifu vyote kwa mpigo. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, mchele ukaagizwa kutoka nje, na kufikia Novemba mwaka huohuo amri ilikuwa imeondolewa.

Kwa hiyo anayesema marufuku huokoa maisha ana Sri Lanka ya kuonyesha, na anayesema marufuku huleta njaa anayo pia, ileile. Mimi naona kilichozitenganisha ni namna zilivyoamuliwa: ya kwanza ilikwenda dawa moja baada ya nyingine, kwa kuangalia kilichokuwa kikiua na kama kuna mbadala, ya mwisho ilikwenda kwa hotuba.

Turudi nyumbani. Jalada la usajili linamdhania mpuliziaji aliyevaa glovu, buti na ovaroli, anayepima dawa kwa kikombe chenye alama, na anayesubiri siku 7 au 14 kabla ya kuvuna. Sasa nenda duka la pembejeo siku ya gulio. Muuzaji anafungua chupa ya lita moja, anammiminia mteja kidogo kwenye chupa ya soda, na maelekezo ni ya mdomo: vifuniko viwili kwa bomba moja, ukiona wadudu wamezidi weka vitatu. Lebo, pamoja na ule mstari wa njano unaoashiria daraja la pili, inabaki dukani. Glovu hazipo rafuni, na zingekuwepo zingegharimu kuliko dawa yenyewe. Shambani bomba linavuja mgongoni. Na dalali akitokea na fuso leo, nyanya zinachumwa leo, hata kama zilipuliziwa juzi.

Wanaotetea dawa husema tatizo hapo ni matumizi mabaya, basi wakulima waelimishwe. Elimu inasaidia, hasa kwa wauzaji, na sioni sababu ya kuibeza. Lakini mafunzo ya matumizi salama yametolewa kwa miongo kadhaa, na ovaroli ya plastiki kwenye jua la Kilombero bado haivaliki. Kanuni za maadili za Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na lile la Afya Duniani (WHO) kuhusu viuatilifu zinalitambua hilo waziwazi: dawa inayodai vifaa vya kujikinga vinavyotesa, vya bei kubwa au visivyopatikana kirahisi, iepukwe, hasa kwa mkulima mdogo wa nchi za joto. Nikiisoma kanuni hiyo, naona mtaalamu wa Arusha au Nairobi ana haki ya kulikataa jalada ambalo mwenzake wa Ulaya amelipitisha. Ana haki ya kinyume chake pia. Baadhi ya viambato vimetoka kwenye orodha ya Ulaya kwa sababu tu kampuni haikuona faida ya kulipia usajili upya, kwa hiyo kunakili orodha yao bila kusoma sababu ni uvivu uliovaa joho la tahadhari. Nakiri kwamba ofisi yenye wataalamu wachache haiwezi kuyasoma upya majalada yote ya dunia. Basi ianze na yale ambayo wenzao wameyakataa kwa sababu za afya, na izitaje sababu hizo hadharani.

Kuna fundo ambalo Sri Lanka haikulifungua. Ile klorpirifosi iliyoua wachache zaidi wodini ndiyo iliyokuja kushukiwa kudhuru ubongo wa mtoto akiwa bado tumboni, kwa viwango vidogo visivyomtoa mama hata jasho. Ukiongozwa na takwimu za hospitali peke yake, ungeiacha dukani na kujipongeza. Madhara ya aina hii hayana siku ya kulazwa wala cheti cha kifo. Yanaonekana kwenye tafiti zinazowafuatilia watoto kwa miaka, kama zile za New York, na mshindani yeyote anaweza kusema huenda ni umaskini, huenda ni madini ya risasi, huenda ni lishe. Na majaribio ya wanyama hulipiwa na mwenye bidhaa. Jaribio la mwaka 1998 lililogharamiwa na mtengenezaji wa klorpirifosi lilifikisha hitimisho kwamba ubongo wa panya wachanga haukuonyesha madhara ya pekee. Miaka 20 baadaye watafiti watatu, Mie, Rudén na Grandjean, waliomba takwimu ghafi, wakazisoma upya, wakakuta sehemu ya nyuma ya ubongo imepungua kimo hata kwa dozi ya chini kabisa iliyojaribiwa. Tangu 2020 Ulaya haiiruhusu tena. Marekani imeyumba: 2017 ilikataa kuiondoa kwenye mazao, 2021 ikaiondoa, 2023 mahakama ikautengua uamuzi huo.

Hapa ndipo ukongwe wa mtaalamu unapoleta faida. Kijana aliyefuzu juzi anaweza kugawanya kwa 100 bila kukosea. Inahitaji mtu aliyekomaa kuomba jedwali la namba ghafi badala ya muhtasari, na kubaki na swali lake wakati mwakilishi wa kampuni, katibu wa wizara na chama cha wakulima wote wanataka jibu Ijumaa. Ofisi inayojiendesha kwa ada za wale inaowasajili humfanyia mtu huyo kazi kuwa ngumu zaidi, na hilo mara chache husemwa.

Mei 2025 klorpirifosi iliingizwa kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa chini ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa unaohusu sumu zinazodumu muda mrefu katika mazingira, lakini ikiwa na misamaha kwa mazao na wadudu fulani. Kenya na Tanzania ni wanachama, na nchi inayotaka msamaha lazima iuombe kwa jina. Wakulima wa pamba, mahindi na maua watakuwa na maombi yao, mengine ya haki kabisa. Ningependa kila ombi lionyeshe mdudu gani anakusudiwa, ni mbadala upi ulijaribiwa hapa nchini na kwa matokeo gani, na nani atakuwa anapulizia: mfanyakazi wa shamba la maua mwenye kliniki na vipimo vya damu, au mama mjamzito mwenye bomba linalovuja. Wa kwanza naweza kumkubalia msamaha wa muda. Wa pili, kwa ushahidi tulio nao leo, nisingetia sahihi.