Ngisi wa Hakodate na Koti la Kaka

Tokyo huwa wameshamaliza kutazama maua ya micheri wakati Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, ndiyo kwanza yanafunguka, mwishoni mwa Aprili kuingia Mei, na upepo wa baharini bado una meno. Ndiyo maana niliingia Hakodate, mji wa bandari wa kisiwa hicho, ndani ya koti la kaka yangu, la rangi ya maziwa, ambalo shemeji alinitajia bei yake kila stesheni tuliyoipita tangu Sapporo.

Asubuhi tukaenda soko la samaki, hatua chache tu kutoka stesheni. Kaa wa huko wana miguu mirefu mpaka unajiuliza wanalalaje. Lakini Hakodate ni mji wa ngisi. Hata mifuniko ya mitaro barabarani imechorwa ngisi. Sokoni kuna tangi wanamoogelea wakiwa hai. Unalipa bei ya siku hiyo, unapewa ufito wenye ndoana, na ukimpata wako anakatwa papo hapo.

Sasa mimi mtoto wa Tanga, babu yangu kafa na ngalawa yake. Nikamwambia shemeji, "Washa kamera uone damu ya pwani."

Bibi muuzaji akanielekeza kwa ishara: mnase kwenye pezi, mwinue taratibu, umwache ateme maji kwanza. Ngisi ana kibomba chini ya kichwa, ndicho anachosukumia maji akikimbia baharini. Akiwa hewani hakimbii popote, ila shabaha anayo.

Nilimnasa bila taabu. Watu wakapiga makofi. Nikamgeukia shemeji, ngisi ananing'inia usawa wa kifua, nitoke vizuri.

Chwaa! Maji ya kwanza machoni. Ya pili mdomoni, maana nilikuwa katikati ya "Tanga oyee". Mara ya tatu hayakuwa maji tena.

Bibi akaja mbio na taulo, anainama kuomba radhi huku ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Kaka hakucheka. Alilizunguka lile koti polepole kama trafiki anayekagua gari lililogongwa.

Ngisi akaletwa mezani, nyama nyembamba inang'aa kama bado yumo majini, tangawizi pembeni, miguu imeachwa mizima. Kaka akasema kwa upole ambao ungepaswa kunitisha, "Mimina sosi ya soya hapo juu, mdogo wangu."

Nikamimina. Miguu ikanyanyuka, ikaanza kujinyonganyonga.

Uchawi hakuna: ngisi ameshakufa, ila chumvi ya ile sosi huamsha neva na misuli ambayo bado ina nguvu. Hayo nilielezwa baadaye. Wakati ule nilikuwa katikati ya Ayatul Kursi, kiti kimeshafika meza ya jirani. Ila utamu wake, nisiseme uongo, nilimaliza sahani na nusu ya kaka.

Alasiri tukapanda tramu hadi Goryokaku, ngome yenye umbo la nyota iliyoanza kujengwa 1857, sasa bustani yenye micheri kama 1,500. Maua yalikuwa yamefunga anga. Kwenye kila picha nimekumbatia mkoba wa shemeji kifuani, mwanamume mzima.

Haikusaidia, video ilishafika kwenye kundi la familia. Mama akajibu kwa sauti kutoka Tanga: "Wino utatoka, usihangaike. Mimi ninachouliza, huyo ngisi nazi yake iko wapi?"