Tobo katikati ya miguu

Shemeji yangu ana boti ya uvuvi kule Majanji, Ziwa Victoria upande wa Uganda, jirani na kisiwa cha Sigulu, na ana ugonjwa mmoja, akituma meseji haelezi kitu. Ijumaa usiku nikapata hii: "Shem kesho tuna kibarua Sigulu, nahodha anaumwa, nyavu ziko poa, kikosi kimepungua mtu mmoja, njoo saa kumi alfajiri." Sasa niambieni, mtu anayecheza beki wa kulia hapa Busia, na redioni anasikiliza watangazaji wa Bongo ambao kila mechi kwao ni kibarua kigumu, hapo anaelewa nini? Kilichonisumbua ni hiyo saa kumi tu, nikasema labda refa ana harusi.

Nikafika na njumu, soksi ndefu nyekundu na vikinga ugoko. Mabaria wakaniangalia kimya (baria ni kibarua wa boti, hana mshahara huyo, anangoja mgao wa samaki). Mzee mmoja akauliza hizo njumu ni za kukanyagia mbuta (sangara)? Nikaambiwa nikae benchi, ikaniuma kweli, kumbe ni ule ubao wa kukalia.

Ndani ya ziwa injini ikakohoa ikazima, mtu akapiga kelele "mpira umetoka, rudisha mpira!" mimi huyo nachungulia majini natafuta umeangukia wapi, wenzangu wanashindilia mpira wa mafuta kwenye injini. Tumetulia kidogo, mara "wewe, boya! Boya!" na kwa Kibongo changu boya ni bwege, nikasimama ngumi zimekunjwa, boti nzima ikayumba, na ni boti ya futi 28 hiyo, maana chini ya hapo doria ya jeshi ilikuwa haikuachii. Kumbe dumu la kuelea la wavu linapita ubavuni kwangu nilidake.

Halafu ndo ikaja yenyewe. "Tobo! Tobo! Hapo katikati ya miguu yako!"

Jamani. Mpirani tobo ni kupitishiwa mpira katikati ya miguu, sasa beki gani anasikia neno hilo asibane miguu? Nikabana magoti kwa nguvu zote, macho mbele kama naona winga anakuja, huku maji yanapanda tu yanafika kwenye vikinga ugoko, na watu wanapiga kelele "tobo!" na mimi najibu "nimebana, nimebana!" Mzee akanisukuma pembeni, akanivua soksi moja bila hata kuomba, akaisokota akaishindilia kwenye tundu, mimi nikapewa kazi ya kuchota maji kwa kiatu changu mwenyewe, tena cha mguu wa kulia, ule wa krosi.

Tulivyorudi mgao wangu ukawa mbuta mmoja mwembamba, sikulalamika. Nilichoomba ni soksi yangu tu. Shemeji akacheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga.

"Hiyo tumeshaisajili shem. Ukiichomoa sa hizi tunashuka daraja wote."