Viroboto Hawakuwasha Moto wa Strasbourg

Masimulizi mengi ya Tauni Kuu, iliyoangamiza watu kati ya mwaka 1346 na 1353, huanza na panya na kuishia kwenye hesabu ya makaburi. Hesabu yenyewe inatisha kweli, kwani wanahistoria wengi hukadiria kwamba Ulaya ilipoteza kati ya theluthi na nusu ya watu wake, na miji ya Misri na Sham nayo haikusalimika. Hata hivyo naamini kwamba anayeishia kwenye hesabu hiyo huwapa msamaha wasiostahili wale walioitumia tauni kuwaua na kuwanyonya wenzao.

Ugonjwa wenyewe tunaufahamu vizuri siku hizi. Bakteria aitwaye Yersinia pestis huishi katika panya na jamaa zake wa porini. Kiroboto anayemfyonza mnyama mgonjwa huzibwa koo la tumbo na bakteria hao, hata akafa njaa huku akiuma, na kila anapouma huwatapika ndani ya kidonda. Binadamu aliyeumwa hupata homa kali na uvimbe kinenani, kwapani au shingoni, na tauni ikifika mapafuni huweza kuenea kwa kikohozi bila kuhitaji kiroboto tena. Wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni hiyo kwa miaka mingi kuanzia 1980, na Ituri huko Kongo bado inaijua, ila leo dawa za antibiotiki huponya zikitolewa mapema. Mwaka 1348 hapakuwa na tabibu aliyejua adui yuko wapi.

Karibu na ziwa Issyk-Kul, katika Kirgizia ya leo, kuna mawe ya makaburi ya mwaka 1338 na 1339 yanayotaja kwamba waliozikwa hapo walikufa kwa ugonjwa wa mlipuko, na mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamekuta chembe za urithi za bakteria huyo katika meno ya baadhi yao. Kutoka nyanda hizo tauni ilifuata njia za wafanyabiashara hadi Kaffa, bandari ya Wagenoa, wafanyabiashara wa mji wa Genoa huko Italia, katika Krimea, kisha ikapanda merikebu. Mwezi Oktoba 1347 ilikuwa Messina, kisiwani Sicilia, na majira hayo hayo ya vuli ilikwisha kufika Iskanderia.

Mwezi Julai 1348 alikuwapo Dameski msafiri ambaye sisi wa pwani tunamfahamu, Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Anasimulia kwamba naibu wa sultani aliamuru watu wafunge siku tatu, na mchana wapishi wasipike chakula sokoni. Usiku wa kuamkia Ijumaa waliujaza msikiti mkuu kwa sala na dua, na baada ya sala ya alfajiri wakatoka pamoja kwa miguu, misahafu mikononi, maamiri wakiwa pekupeku. Mayahudi walitoka na Taurati yao, Wakristo na Injili yao, wanawake na watoto wakiwa nao, wote wakilia na kumwomba Mungu. Kwa elimu ya leo tungeonya kwamba mkusanyiko kama ule ni hatari, na onyo hilo ni la haki. Lakini mji ambao maiti zilikuwa zikitoka kila siku haukumtafuta jirani wa kumbebesha lawama, na kwangu jambo hilo ni kubwa kuliko kosa la kitabibu ambalo hakuna aliyeweza kulijua.

Strasbourg, mji wa kando ya mto Rhine katika Ufaransa ya leo, ilikwenda njia nyingine. Mwezi Septemba 1348 Mayahudi waliokamatwa huko Chillon, kando ya ziwa Geneva, waliteswa hadi wakakiri kwamba walitia sumu visimani, na uvumi huo ukasambazwa kwa barua kutoka mji hadi mji. Papa Clement wa Sita alitoa waraka kupinga tuhuma hizo, akieleza kwamba Mayahudi wenyewe walikuwa wakifa kwa maradhi hayo hayo. Viongozi wa Strasbourg nao walikataa kuwaadhibu bila ushahidi, na kwa sababu hiyo vyama vya mafundi vikawaondoa madarakani. Tarehe 14 Februari 1349 Mayahudi wa mji huo walichomwa moto katika makaburi yao wenyewe. Mwandishi wa kumbukumbu wa mji anataja watu wapatao 2,000. Tauni ilikuwa bado haijaingia mjini. Madeni yaliyokuwa yakidaiwa na waliouawa yalifutwa, fedha zao wakagawiwa mafundi, na mwandishi huyo aliandika waziwazi kwamba fedha ndiyo iliyowaua. Sioni namna ya kuyaita mauaji hayo matokeo ya tauni.

Ndivyo ninavyoyatazama hata mambo ya mashamba na ujira. Uingereza, vibarua walipoadimika, walidai malipo makubwa zaidi, na mfalme Edward wa Tatu akajibu kwa amri ya 1349 na sheria ya 1351 zilizotaka ujira urudi ulivyokuwa kabla ya tauni. Wakuu walitaka vifo vya nusu ya kijiji visibadilishe chochote mezani kwao. Sheria hizo hazikuweza kuzuia ujira usipande, na kodi ya kichwa ilipoongezwa juu yake, wakulima wa Kent na Essex waliinuka mwezi Juni 1381, wakachoma hati za mabwana zilizowafunga kwenye ardhi. Misri ilipoteza wakulima vilevile, lakini maamiri wa Mamluki, wanajeshi waliokuwa wakiitawala nchi hiyo, walipewa mashamba kwa muda tu na hawakuwa na haja ya kuyatunza kwa ajili ya wana wao. Waliobaki hai vijijini walidaiwa mapato ya wenzao waliokufa, wengi wakakimbilia mijini, mifereji ikajaa matope, na ardhi iliyokuwa ikinyweshwa na Nile ikaachwa bila wa kuilima.