Kabla ya Kuuza Bakteria, Tukumbuke Bogoria

Nimeudhika na neno nililolisikia barazani huku Mji wa Kale, Mombasa: plastiki si tatizo tena, bakteria wa kuila wamepatikana, tungoje waletwe. Tungoje nini? Bakteria hao walipatikana Sakai, Japani, karibu na kiwanda cha kuchakata chupa, na habari zao zikatangazwa 2016. Wanakula aina moja tu, PET, ile ya chupa za maji na soda. Mfuko wa nailoni hawana habari nao. Na hiyo PET yenyewe, kipande chembamba kiliwachukua kama wiki 6.

Biashara ipo, sikatai. Kampuni ya Carbios ya Ufaransa haitumii hata bakteria wazima, inatumia kimeng'enya kilichoboreshwa, yaani ile protini ambayo viumbe huitumia kuvunjavunja vitu. Mwaka 2020 watafiti wake na wenzao wa Toulouse walionyesha kinavunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10, kwenye joto la nyuzi 72, na kinachobaki ni malighafi ya chupa mpya. Lakini kazi hiyo inataka PET iliyokwisha kuchambuliwa na kusagwa.

Na mchambuzi ni nani? Ni mama wa Mwakirunge, jaa la taka la hapa Mombasa. Anafungua kifuniko, anakitia gunia lake mbali kwa kuwa anajua hiyo ni plastiki nyingine. Anabandua karatasi, anamwaga maji yaliyosalia, anaikanyaga chupa ilale. Halafu dalali anapima kilo na bei anaitaja yeye. Kiwanda chochote cha vimeng'enya kitasimama juu ya mikono hiyo.

Linaloniuma zaidi ni Ziwa Bogoria, Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijidudu vilichukuliwa kwenye ziwa lile la magadi na chemchemi za moto. Vimeng'enya vyake vikaishia kwenye sabuni za kufulia na viwanda vya kupausha jinzi, nchi za nje. KWS, shirika letu la wanyamapori, ilikuja kudai haki hadharani 2004, kampuni za nje zikiwa zimeshauza miaka! Wakazi wa pale ziwani waliona nini? Wallahi hili halifai kurudiwa.

Maana huku kwetu mali ya aina hiyo huenda ipo. Maji yakipwa Tudor au Makupa utaona mizizi ya mikoko imevikwa plastiki iliyokaa topeni miaka. Vijidudu vinavyoishi juu yake havijulikani vyote, na mwenye kuvitafuta kwanza ndiye atakayeandikisha hataza, ile haki ya kumiliki uvumbuzi. Msiseme hatuna wataalamu. Mwaka 2024 icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walieleza habari za mabuu wa Kenya wanaotafuna polistairini, ile plastiki nyeupe nyepesi ya kufungashia, pamoja na bakteria wa matumboni mwao. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, iko hapa hapa Mkomani, na vyuo vikuu tunavyo. Kinachokosekana ni bajeti ya kaunti na mtu wa kulishupalia.

Sheria nayo ipo: kanuni za Kenya za 2006 kuhusu kuchukua viumbe kwa utafiti zinataka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa, inataka faida igawanywe na nchi vilikotoka.

Basi madiwani wetu waulize mapema. Yeyote atakayeshuka kwenye mikoko kuchota tope la utafiti aonyeshe kibali, na mkataba unaotaja Mombasa itapata nini hataza ikiuzwa. Na kiwanda kikija, bei ya kilo ya Mwakirunge iandikwe humo, wachambuzi wenyewe wakiwa mezani.