Kabla hujaiuza kompyuta ya mezani, badilisha diski

Kompyuta ya mezani ikianza kuwa nzito, mwenyewe hupewa ushauri wa aina mbili: apige Windows upya, au aiuze kwa bei ya kutupa atafute nyingine. Mimi nasema kabla ya yote mawili, toa diski ya kuzunguka (hard disk, au hadi diski), weka SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kisha ndiyo uamue kama mashine imezeeka. Nalisema hili kwa uchungu. Naona kompyuta nzima zikirundikwa kwenye stoo za shule na za ofisi, na kilichozishinda ni kifaa kimoja tu kinachofungwa kwa skrubu nne.

Chukua Dell OptiPlex 7010, ile ya mwaka 2012, au mwenzake HP Compaq Elite 8300. Mashine za umri huu, zilizokwisha kutumika nje na kuletwa huku, bado zinafanya kazi kwenye steshenari nyingi. Ukikuta ina Core i5 ya kizazi cha tatu, kwa kuchapa barua, kufungua Excel na kujaza fomu mtandaoni prosesa hiyo inatosha na kubaki.

Nenda sasa kwenye steshenari ya shemeji yangu kipindi cha maombi ya mkopo wa HESLB. Wanafunzi wamejaa hadi barazani, bahasha mkononi, vyeti vya kuzaliwa vilivyohakikiwa RITA vinasubiri kuskaniwa. Kivinjari kinafunguka nusu, kioo kinaganda, na ile taa ndogo ya diski mbele ya boksi inawaka moja kwa moja bila kupepesa. Ukifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani, unaona prosesa inacheza kwenye asilimia 10 na diski imekwama kwenye asilimia 100. Huhitaji kipimo kingine baada ya hapo. Prosesa imekaa inasubiri kuletewa data, na wanafunzi nao wanasubiri.

Sababu iko kwenye namna diski yenyewe inavyofanya kazi. Hadi diski ya kawaida ya mezani huzunguka mara 7200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Ili isome kipande cha data, mkono wake husogea mpaka kwenye mstari unaotakiwa, halafu husubiri sahani izunguke hadi kipande chenyewe kifike chini ya kichwa cha kusomea. Kusogea huchukua milisekunde 8 au 9, kusubiri mzunguko wastani wa milisekunde 4. Kwa vipande vidogo vilivyotawanyika, diski hiyo inamudu kusoma mara 80 hivi kwa sekunde, na Windows inapowaka inataka maelfu ya vipande vya namna hiyo. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, akirudi umtume kibiriti, akirudi tena umtume sukari: mbio anazo, safari ndizo zinazommaliza. SSD haina sahani wala mkono. Data imo kwenye chipu za flashi, aina ya kumbukumbu iliyobuniwa na Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980, na kukifikia kipande chochote huchukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja.

Ndiyo maana sikubaliani na mafundi wanaosema mashine yenye SATA II, poti ya zamani ya kuunganishia diski, haina haja ya SSD. Ni kweli poti ya SATA II inaishia MB 300 kwa sekunde, na SSD ya kawaida ya SATA inaweza kusoma karibu MB 550. Lakini namba hizo zina maana kubwa unaponakili faili moja nene, kama filamu. Kazi ya steshenari, ya mhasibu, ya ofisi ya shule ni vifaili vidogo vingi, na huko unachookoa ni ule muda wa kusubiri mkono na sahani. Hata kwenye poti ya zamani muda huo unaondoka.

Kupiga Windows upya kunanikera zaidi, maana kumekuwa biashara. Mashine ya shemeji ilikuwa ikipigwa Windows na fundi mmoja kila baada ya miezi michache. Ikitoka kwake ni nyepesi, kwa kuwa haijabeba kitu. Masasisho yakishaingia, na antivirasi, na programu ya printa, tunarudi palepale. Safari mojawapo zilipotea picha za pasipoti za wateja na barua zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye Desktop. Fundi anayejua kazi angeitazama diski kwanza. CrystalDiskInfo ni programu ya bure, na inakuonyesha hali ya diski kwa dakika moja. Ikikuandikia tahadhari, okoa data kwanza kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Ya kununua ni SSD ya SATA ya inchi 2.5. Mtu asikuuzie ya M.2, ile bapa inayochomekwa kwenye ubao wa kompyuta, kwa kuwa eti ni ya kisasa zaidi, maana mashine ya 2012 haina pa kuichomeka. GB 240 au 256 zinatosha kwa Windows, programu na kazi za sasa. Ogopa ile inayojiita TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Kuna bandia zilizofundishwa kudanganya ukubwa wao, unaandika vizuri mpaka zijae, kisha faili za mwanzo zinageuka takataka. Mwombe muuzaji uijaribu kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, kabla hujaiamini na kazi za watu.

Kuifunga ni kazi ndogo. Chomoa umeme, fungua ubavu wa boksi, puliza vumbi. Waya wa data na waya wa umeme ni vilevile vya diski ya zamani. SSD ni ndogo kuliko nafasi ya inchi 3.5, kwa hiyo tafuta fremu yake, na kama huna, bana kwa skrubu upande mmoja, maana ni nyepesi na haina kinachozunguka ndani. Ukitaka kila kitu kibaki kilivyo, Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, itahamisha yote, mradi SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani. Kwenye BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, hakikisha SATA iko kwenye AHCI, mtindo mpya wa kuwasiliana na diski, ila kama Windows yako iliwekwa kwenye IDE, ule wa zamani, usibadilishe ghafla, itagoma kuwaka.

Wengine wanaogopa kwamba SSD hufa upesi. Kingston A400 ya GB 240, ambayo ni ya daraja la chini kabisa, imekadiriwa kuandikwa TB 80. Ukiandika GB 20 kila siku, na steshenari haifiki huko, hiyo ni zaidi ya miaka kumi. Ninachokiogopa mimi ni umeme. Kompyuta ya mezani haina betri, na SSD ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kupoteza data, tena ikifa hufa kimya, bila ile milio ya kukwaruza inayokupa onyo. UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, na nakala ya pili ya kazi zako ni lazima.

Na SSD haiponyi kila kitu. Mashine yenye RAM ya GB 2 itaendelea kulemewa na kivinjari, iongezee mpaka 8. Pia Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo OptiPlex yetu haimo. Kwa mashine kama hiyo naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, bila kusita. Tovuti za maombi zinafunguka kwenye kivinjari, na LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inasoma faili za Word. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi, chomeka printa na skana uone kama zinatambulika, ndipo uisakinishe.

Diski uliyoitoa, kama bado nzima, irudishe ndani kwenye poti ya pili iwe ghala. Kama imeanza kuumwa, usiiuze wala kumwachia fundi hivihivi. Kufuta faili au kufomati harakaharaka hakuondoi data, na kwenye diski ya steshenari kuna vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na fomu za mikopo za watoto wa watu. Iandike sifuri mwanzo hadi mwisho kwa programu ya kufuta kabisa. Ikigoma kusomeka, toboa sahani zake kwa drili.